Kula na Kulala Katindo

Kwenye mlango wa bati wa ile nyumba palikuwa na neno moja tu, limeandikwa kwa rangi nyeupe: PANSIONI. Hapakuwa na jina la mwenye nyumba wala namba ya simu. Mpangaji mmoja wa kabla yangu ndiye aliyeliandika, na mama mwenye nyumba hakuona sababu ya kuongeza kitu. "Mwenye njaa na usingizi atasoma," alisema.

Nilikaa kwake miaka sita. Nilitoka Butembo kuja kufundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Goma, sikuwa na ndugu mjini, na mwalimu mwenzangu akanielekeza Katindo, kwenye nyumba ya mbao iliyozungushiwa ukuta wa mawe meusi, si mbali na kambi ya wanajeshi. Sote tulimwita Mama wa Pansioni. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini hakupenda liwe midomoni mwa watu, na sitaanza leo.

Neno lile la mlangoni lilimletea usumbufu. Katika mji wetu ukisema pansioni, wengi wanaelewa kile ambacho serikali inatakiwa kumpa mtu aliyezeeka kazini. Kwa hiyo mara kwa mara alikuja mzee mwenye koti na bahasha ya kaki, akigonga kwa adabu, akiuliza ofisi iko mlango upi.

Mmoja wao namkumbuka vizuri. Alikuwa amefanya kazi ya posta tangu ujana wake, na bahasha yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya kiatu. Alifika saa sita za mchana, wakati wa kupakua. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Muzee," akamwambia, "pansioni ya hapa ni ya kula na kulala. Ile ingine sina."

Mzee akatazama ndani, akatuona tumekaa mezani, akatazama bahasha yake.

"Basi, mama," akasema, "unipatie hii iliyoko."

Mama alisogeza watu kwenye benchi. Tangu siku hiyo mzee wa posta alikuja kila Alhamisi, amechana nywele, na bahasha yake kwapani kama mtu anayekwenda kazini. Alikula bila kusema mengi. Siku ambazo hakuja, Mama alikasirika, akasema watu wa serikali hawana nidhamu. Mwishowe ilikuja Alhamisi ambayo hakuja, na ya pili, na ya tatu. Mama alivaa kitambaa cha kichwa akaenda mtaa wa Majengo, alikokuwa akiishi mzee, kumtafuta. Aliporudi hakutuambia kitu, ila jioni hiyo alisali rozari kwa sauti, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya mbele yetu.

Kuhusu maana ya neno hilo hakukubali kupunguziwa. Walikuja vijana wa mashirika, wenye vitambulisho shingoni, wakiomba demi-pansioni: chai ya asubuhi na chakula cha jioni tu, mchana wangejitafutia. Mama aliwapima kwa macho kuanzia viatu.

"Demi? Ni nusu gani yako itakula? Ya juu ao ya chini?"

Mwingine, mfanyabiashara wa vitunguu aliyekuwa akienda na kurudi Bunagana, alitaka chumba peke yake, bila chakula. Alisema anakula njiani, amezoea.

"Chumba bila chakula ni depo," Mama akamjibu. "Weye ni mufuko ya vitunguu?"

Yule bwana alicheka, lakini hakupewa chumba. Alirudi baada ya wiki mbili akasema atakula. Alikaa mwaka mzima, na alikuwa wa kwanza mezani.

Mimi, kwa ujinga wa walimu, nilidhani nitamsaidia. Siku moja nilimletea kamusi yangu kubwa ya Kifaransa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, anachambua maharagi kwenye ungo. Nikamweleza kwamba neno hilo asili yake ni malipo, na zaidi ya hapo, zamani sana, lilikuwa na maana ya kupima kitu kwenye mizani. Aliendelea kutupa vijiwe.

"Hao wenye kuandika hicho kitabu walikuwa wanaume?"

"Nafikiri wengi wao, Mama."

"Njo maana." Akapuliza maganda. "Andika pembeni hapo, madamu. Pansioni ni pahali mutu anajua kama haujarudi."

Niliandika kweli, kwa penseli, pembeni ya ukurasa. Yeye hakutazama kama nimeandika.

Usifikiri alikuwa mtu mtamu. Alikuwa mkali, na ukali wake haukuwa wa mchezo. Asubuhi alipita mlango kwa mlango akigonga kwa kijiko. "Ulilala?" Ukijibu "Vizuri, Mama," anakurudisha: "Nimekuuliza kama ulilala, sikukuuliza kama ni vizuri." Ukimshukuru kwa chakula, anakwambia asante zipelekwe kanisani. Hakuomba msamaha hata siku moja, hata pale alipokosea mbele ya watu kumi. Alisema tena na tena kwamba yeye si mama yetu, mama zetu walibaki kwetu, yeye ni mama wa nyumba. Kisha nikaugua tifoidi, na mama huyo wa nyumba alikaa kando ya kitanda changu siku tisa, akininywesha uji wa mtama kijiko kwa kijiko, akilalamika kwamba watu wa Butembo wana midomo midogo.

Yeye mwenyewe hakuwahi kukaa mezani nasi. Alitupanga, alihakikisha kila mtu yuko, halafu alikula jikoni, amesimama, sahani juu ya mfuniko wa pipa la maji, redio sikioni. Alipenda saa ya matangazo ya vifo. Aliyajua majina ya marehemu wa mji mzima, na familia zao, na kijiji mwili utakapopelekwa. Nilimuuliza siku moja faida yake ni nini. Akasema kuna watu wanaokufa na hakuna anayesikiliza redio siku hiyo.

Kulikuwa na msichana aliyeitwa Solange, mwanafunzi, mtoto wa shangazi ya mtu fulani huko Beni. Mama alipogundua kwamba ana mimba alimfukuza. Ilikuwa asubuhi, tulikuwa bado na vikombe mkononi. Alimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilimchukia Mama kwa ajili ya maneno hayo, na sikumwambia. Solange akafunga begi lake, akatoka. Saa nne Mama alikuwa bado anafagia pale pale alipoanza kufagia. Saa tano alivua aproni, akapanda pikipiki mpaka kwenye agensi ya mabasi, na huko, kama Solange alivyotusimulia baadaye, alimkuta ameketi juu ya begi akilia. Hakumwambia pole. Alimwambia: "Juu ya nini umeondoka kabla maharagi haijaiva?" Akabeba begi mwenyewe. Mtoto alizaliwa katika chumba cha nyuma, na Mama alikataa kabisa kuwa mama wa ubatizo, akisema hataki mazoea.

Sasa nimfikie Deo, maana bila Deo sina haki ya kumweleza Mama.

Deo alitoka vilima vya Masisi, kwa watu wa ng'ombe. Alikuwa akiuza dawa katika farmasia moja ya Birere. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mkono mzuri wa kuandika. Mabibi wa mtaa walimletea maboksi ya dawa awasomee. Alikaa kwa Mama miaka minne. Ndiye pekee aliyethubutu kumtania. Mama akifoka, Deo anasimama wima kama askari wa jirani na kupiga saluti. Mama anageuka ukutani, na mabega yake yanatikisika.

Kosa lake lilikuwa moja, kuchelewa. Na kwa Mama, saa ya kula ilikuwa saa ya kula. Asiyekuwepo mezani hakuwa na sahani, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema vinginevyo.

Vita vilipoingia Goma tulikuwa watu kumi na mmoja ndani ya nyumba ile. Siku ya pili tukawa ishirini na kitu. Watu waliokuwa kwenye mahema upande wa Lac Vert walikuwa wameingia mjini kwa miguu, na magodoro vichwani, na familia moja ilisimama mbele ya mlango wetu. Baba wa familia hakujua kusoma. Mkewe ndiye aliyesoma neno lile, akauliza kama ni kweli. Mama akasema ni kweli. Mpangaji mmoja, mhasibu, alinung'unika kwamba tutakula nini. Mama akamwambia: "Mulango inasema pansioni. Haisemi ya nani." Wakaingia. Baada yao wakaingia wengine.

Nyumba ya mbao, karibu na kambi: sihitaji kueleza zaidi. Tulilala chini, watoto katikati, watu wazima pembeni. Umeme ulikatika, maji yakakatika. Mama alipika mara moja kwa siku, mchana, na bado alitupanga kwa zamu mezani, akihesabu vichwa kwa kijiko chake. Wakati madirisha yanatetemeka yeye alikuwa akisema, "Mikono. Umenawa mikono?" Nadhani ndivyo alivyotuzuia tusiwehuke.

Siku ya nne ilitulia kidogo. Mtoto wa ile familia ya Lac Vert alikuwa anaharisha tangu usiku, macho yameingia ndani. Asubuhi Deo akasema anakwenda Birere kutazama kama farmasia bado ina mlango. Mama alimkataza. Akaenda. Tulikula, tukamaliza, na yeye hajarudi. Alirudi saa tisa hivi, vumbi mpaka kwenye kope, na pakiti za dawa ndani ya soksi. Mtoto alinyweshwa. Huyo mtoto yuko hai, nimemwona.

Kisha Deo akaja kwenye mlango wa jikoni. Nilikuwa pale, ninaosha vyombo kwa kikombe kimoja cha maji. Akapiga saluti yake.

"Mama, kuko kitu ya kula?"

"Hapa kuko saa ya kula."

"Mama, kuko vita."

"Hata vita iko na saa yake. Uliniambia unarudi saa ngapi?"

Deo alicheka. Nataka hilo lieleweke, alicheka, hakuwa na uchungu. Akatazama pipa, akaona limekauka. Akasema, "Sawa, basi nilete maji kwanza," akachukua bidoni mbili za njano, akatoka kuelekea ziwani na wanaume wengine wa mtaa. Ningeweza kusema, Mama, mpe tu. Nilikuwa mwalimu, mtu mzima, na nilikuwa naye miaka sita. Niliendelea kuosha sufuria.

Risasi ilitoka wapi, hakuna aliyejua, wala aliyeuliza. Wanaume walimrudisha juu ya chukudu, ile mikokoteni yetu ya mbao, amefunikwa kwa kitenge cha mtu. Bidoni moja walikuja nayo, imejaa.

Mama hakupiga kelele. Alimnawisha uso kwa maji yale, akamfunga kidevu, akakaa kando yake mpaka ilipowezekana kumzika. Siku zile hazikuwa na redio. Hakuna aliyemtangaza.

Mama yake Deo alifika baada ya wiki kadhaa, alipopata njia. Mwanamke mwembamba, amevaa koti la mwanaume, fimbo mkononi. Hakulia mlangoni. Aliomba aonyeshwe chumba. Akaketi kitandani, akapapasa shuka, akauliza ni nani aliyekuwa akiifua. Kisha akauliza lile swali. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama wa Pansioni, niliona shingo yake ikikakamaa.

"Siku ile, mwanangu alikuwa amekula?"

"Alikula," Mama akasema.

"Alishiba?"

"Alishiba."

Yule mama akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea kitu mkononi. Akaomba kulala siku moja katika kitanda kile. Kwao hapakuwa na kwao tena. Ng'ombe walikuwa wamekwenda na wenye bunduki, nyumba ilikuwa imeungua. Siku moja ikawa wiki. Hakuna aliyemwambia aondoke.

Mimi niliondoka. Shule yangu haikufunguliwa, na wazazi wangu walikuwa wananipigia simu kila walipopata mtandao. Niliagana na Mama uani, naye hakuniangalia, akaniambia nisisahau kamusi yangu, kwamba ni nzito na haimsaidii. Nilikwenda Butembo nikiwa na kitu kifuani ambacho sikukipa jina. Nilikuwa nimesikia uwongo, na nilikuwa nimeshukuru kwamba umesemwa.

Nilirudi Goma zaidi ya mwaka baadaye, kwa ajili ya diploma zangu zilizobaki shuleni. Barabara ya moja kwa moja ilikuwa haipitiki, nikazunguka Uganda, nikaingilia Bunagana, siku mbili za mavumbi. Nilifika Katindo wakati wa asubuhi. Wapangaji walikuwa wawili tu. Mama wa Pansioni nilimkuta ameketi jikoni kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba ndani ya soksi za sufu. Alikuwa amepungua mno. Anayepika sasa ni mama yake Deo. Nilimwona kupitia dirisha, anapepea makaa, na yule mtoto wa Lac Vert akizunguka miguuni mwake.

"Madamu," Mama akasema. "Umenenepa. Kwenu wanakula."

Tukaongea habari za njia, za moyo wake ambao daktari hakupenda anavyousikia, za Solange aliyeolewa. Halafu akatazama dirishani kuhakikisha yule mwenzake yuko mbali.

"Nilimwambia," akasema.

Nikasogea karibu na kiti chake.

"Nilishindwa. Kila siku ananipikia, kila siku ananiuliza kama nimeshiba. Nilimwambia mutoto wako aliniomba chakula, nikamunyima. Na nikamwambia ile kitu sikumwambia mutu. Hata weye." Alikuwa anavuta uzi wa soksi. "Sahani yake ilikuwako. Niliiweka nyuma ya mufuko ya makaa, imefunikwa. Kila siku wenye kuchelewa nilikuwa ninawawekea. Ninafoka kwanza, halafu ninawapatia wakati hakuna mwenye kuona. Nilitaka akuje na maji, njo nimupatie. Ni dakika ishirini tu nilitaka imuume."

Nilimshika mkono. Aliuacha mkononi mwangu.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Siku tatu hakusema. Alipika, alinipatia, hakusema. Nikajua ataondoka. Siku ya nne anakuja hapa, anasimama hapo kwenye umesimama weye, ananiuliza: ndani ya ile sahani mulikuwa nini? Namwambia, bugari na sambaza, zile samaki kidogo za ziwa. Sambaza nilikaanga mwenyewe, ndizo zilibaki za mwisho, nilimuwekea nyingi kuliko za wengine. Anasema, sambaza? Ninasema ndiyo. Unajua alicheka? Mwanamuke yule alicheka, madamu, mpaka akakaa chini. Ananiambia Deo hakula samaki hata siku moja. Tangu mutoto. Kwao ni watu wa maziwa, harufu yake tu inamutapisha. Alipigwa na baba yake juu ya samaki, na hakula."

Nje, mama yake Deo alikuwa anamwita mtoto atoke kwenye moshi.

Mama wa Pansioni aliuachia ule uzi wa soksi. Midomo yake ilikuwa inacheza, na sikuweza kujua kama ni kicheko.

"Na miye nilimuwekea sambaza miaka mine," akasema. "Kila juma. Miaka mine, madamu. Alikula zote, mpaka vichwa, na akaniletea sahani tupu."